Ringi Mpya Kwa Silinda Imeisha, Nimwambieje Anko?

Fundi, habari ya kazi na familia. Mimi ni kijana niko Kakamega, nilisomea magari politekniki na tangu nimalize nafanya kwa gereji ya anko yangu, ndugu ya mama. Ni mzee amefungua injini tangu kabla nizaliwe na karibu kila kitu mikono yangu inajua ilitoka kwake. Tafadhali usitaje jina yangu wala ya gereji. Binti yake humsomea hii safu yako kila ikitoka so yeye atajua tu ni mimi, lakini heri ajue yeye peke yake.

Maneno ni hii. Kuna mwalimu mteja wetu wa siku mingi, ako na Toyota 110, injini 5A. Imekuwa ikitoa moshi ya bluu asubuhi, na akipanda Riat akitoka Kisumu wenye wako nyuma wanafunga madirisha. Oili anaongeza kila wikendi. Anko aliskiza injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa akseleta), akatoa kofia ya oili akaangalia ule moshi unapumua pale, akasema ni ringi (zile pete za pistoni) na beringi. Mwalimu akatumwa duka, akaleta ringi standadi, beringi standadi za meni (pale kranki, ule mhimili wa chini, inazungukia) na za konrodi (ile fimbo inaunga pistoni na kranki), na gasketi seti. Zote kama elfu tisa hivi, na wewe unajua mshahara ya mwalimu vile iko.

Kabla tutoe injini niliomba nipime kompresheni. Ilikuwa moto, nikatoa plagi zote, nikazima petroli na moto, mtu akakanyaga akseleta mpaka chini nikapiga stata. Kwa psi, silinda ya kwanza 128, ya pili 130, ya tatu 85, ya nne 125. Nikamwaga oili kidogo kwa hiyo ya tatu nikapima tena ikapanda 115. Nikaangalia kwa kitabu nikaona kiwango cha chini ni 142, nikashtuka, manake kwa kitabu hata hizo zingine zimekufa zote.

Basi tumetoa injini tukafungua yote, hedi iko kando, pistoni ziko kando, kranki nimetoa. Nikaenda kwa mwalimu wangu wa politekniki nikaomba maikromita (ya kupima upana kwa nje) na boa geji (ya kupima ndani ya silinda, iko na saa juu), akanipea ya wikendi moja. Kwa kitabu upana wa silinda ya hii injini ni milimita 78.70. Tatu ya hizi juu zinasoma 78.80 hivi, chini 78.73. Ile ya tatu sasa, juu kwa upana wa bloki inasoma 78.96, kwa urefu wa bloki 78.88, chini kabisa 78.74. Kwa kranki, meni zote ni 47.98 na 47.99, lakini pini ya konrodi ya tatu (pale konrodi inashika kranki) ukipima hivi ni 39.98 ukizungusha robo ni 39.94. Hizo pini zingine ni 39.98 pande zote.

Nikamwonyesha anko nikiwa nimeandika kwa katoni. Aliangalia boa geji akaniuliza hiyo saa ya ukutani nimetoa wapi. Akasema yeye huweka ukucha kwa silinda anajua, ati tupige hon kidogo (kukwaruza ukuta wa silinda) tuweke ringi itashika, kranki tupige na msasa laini na uzi, mwalimu aende na gari Ijumaa. Nikasema anko hii silinda imeisha, akanyamaza, na wewe unajua mzee wa kwetu akinyamaza ni mbaya kuliko akipiga kelele. Tangu hiyo siku ananituma tu maji na spana.

Mwalimu anapiga simu kila jioni. Ndugu yake naye anamwambia aachane na hiyo injini anunue eksi-Japani (injini imetumika Japani) aweke, ati kupima pima ni njia ya mafundi ya kuongeza bili. Mimi niko katikati. Nikinyamaza gari itarudi na moshi na jina itaharibika ya gereji, nikisema sana nimemvunjia anko heshima mbele ya mteja. Je, hizo vipimo zangu ziko sawa ama nilikosea? Nimwambieje huyu mzee? Na kitu ya mwisho, nimeweka pesa kidogo nataka kununua maikromita yangu, ninunue gani ya kwanza?

Kijana wa gereji, Kakamega

JIBU

Kijana wangu, salamu kutoka Nakuru. Na mzee, kama ni kweli binti anakusomea, shikamoo. Hakuna mtu anakusengenya hapa, skiza tu mpaka mwisho kwa sababu kuna mahali nasimama na wewe.

Nianze na hiyo kompresheni kwa sababu imekutisha bure. Ile 142 ya kitabu ni ya mahali hewa ni nzito, chini kule usawa wa bahari. Kakamega iko juu mita 1,500 na kitu, presha ya hewa kwenu iko chini kama asilimia 17 kuliko Mombasa, na silinda haiwezi kufinya hewa haikuvuta. Ukipiga hesabu, 142 ya kitabu inakuwa karibu 118 kwenu. So hizo zako za 128, 130 na 125 ni injini imechoka lakini haijakufa. Hapa Nakuru tuko juu zaidi, karibu mita 1,850, na nimeona watu wakiambiwa injini imekwisha na ni mlima tu inasoma kwa geji, gari hiyo hiyo ukiipeleka Kisumu inaongeza namba bila kuguswa. Kitu ya kuangalia sana ni tofauti ya silinda na silinda. Kitabu cha hizi injini za A kinataka isizidi 14 hivi, na wewe kati ya ya pili na ya tatu uko na 45. Hapo ndio mgonjwa ako. Na vile ulimwaga oili ikapanda mpaka 115 umejijibu mwenyewe, oili imeziba kwa ringi, ingekuwa vavu inavuja ama gasketi imekatika oili haingesaidia kitu.

Unaona sasa? Mzee aliskiza silensa akatoa kofia ya oili akasema ringi, na kipimo chako kimesema ringi. Hiyo maskio usiidharau, watu wengi wako na mashine na hawana maskio. Mahali mnabishania ni moja tu, kama shida iko kwa ringi peke yake ama iko pia kwa ukuta ringi inakaa.

Vipimo vyako. Umepima juu na chini, kwa upana na kwa urefu, vizuri, ongeza na katikati, halafu ile ya juu usipime kwa mdomo kabisa, shuka kama 10 mm ndio uko mahali ringi ya kwanza hufika. Boa geji uliiseti kwa maikromita ama uliamini vile ilikuja? Kama uliikuta imesetiwa na mtu mwingine basi rudia, boa geji haijui namba, inajua tu tofauti na kile umeiambia. Maikromita nayo iangalie sifuri yake kwanza na kile kijiti chake cha kupimia. Halafu hukuniambia bloki ilikuwa wapi. Kama ilikuwa nje kwa jua na maikromita iko ndani kwa boksi, hiyo ni shida, chuma ya upana huo ikipata joto digrii 20 zaidi inapanuka karibu 0.02. Lazisha bloki, kranki na vifaa pamoja ndani ya nyumba, upime asubuhi kabla jua lichape mabati. 0.02 haiwezi kuokoa silinda yako ya tatu, hiyo imeenda, lakini kwa kranki mahali tunabishania 0.01 utaiona.

Tuseme umerudia na namba zimekuwa zile zile, na mimi nafikiri zitakuwa, manake zimekaa vile silinda huisha kikweli. Juu huisha sana kuliko chini kwa sababu moto ikilipuka presha inaingia nyuma ya ringi inaisukuma kwa ukuta, na hapo juu ndio joto ni kali na oili ni kidogo, na vumbi ya murram ikipita fila ya hewa ndio hapo inasagia. Kwa upana huisha kuliko kwa urefu kwa sababu konrodi ikishuka imelala upande, inasukuma pistoni kwa ukuta. Namba za kubuni hazikuangi na hiyo mpangilio. Ya tatu imekula 0.26 juu, iko oval 0.08, na kutoka juu mpaka chini inapungua 0.22. Kwa hizi injini, ikipita 0.20 unaitisha riboa, yaani silinda zikatwe zipanuke, na haina mjadala. Hizo zingine tatu peke yake zingeweza kuvumilia hon na ringi, hapo mzee hangekuwa amekosea hata kidogo.

Sasa ukucha. Mzee anaweka ukucha anasikia kangazi pale juu, na hicho kitu ako nacho ni cha kweli. Ile sehemu ya mdomo ringi haifiki, imebaki na saizi ya kiwanda, chini yake ndio imekulwa, so ukucha unasikia kina cha ugonjwa. Haiwezi tu kusema ni ngapi, na haiwezi kusikia kama ni duara ama yai.

Usimletee tena boa geji. Mzee akishaita kitu saa ya ukutani hiyo kesi umeshindwa. Fanya hivi, na ufanye asubuhi mkiwa wawili kabla wateja waanze kuja. Chukua ringi moja ya juu kwa zile mpya za mwalimu, ishike polepole isipinde wala kupata mkwaruzo. Iingize kwa silinda ya tatu, igeuze pistoni kichwa chini utumie hiyo kuisukuma mpaka chini kabisa ndio ikae sawa bila kulala upande. Mwambie, anko nisaidie kushika tochi hapa. Weka fila geji (vile visu vyembamba vya kupima nafasi) kwa ile nafasi ya ringi, pale chini utapata kama 0.35, na hiyo ni sawa, mafundi wa zamani walikuwa wanahesabu 0.1 kwa kila 25 mm ya upana wa silinda so kwa hii yenu wangetarajia 0.31 ama hapo karibu. Halafu vuta ringi mpaka juu, mahali ringi ya kwanza hutembea, chini ya kangazi. Isawazishe tena na pistoni. Sasa mpatie yeye fila aingize mwenyewe.

Kwa hizo namba zako itapita kama 0.9. Ringi ni ile ile, mpya, ya duka, na mlango wake umefunguka zaidi ya mara mbili na nusu ndani ya silinda moja. Hesabu yenyewe ni rahisi, silinda ikipanuka 0.1 ringi inafunguka 0.31, kwa sababu inafuata mzunguko, so ile tofauti ya juu na chini ukiigawa na 3.14 unapata silinda imepanuka kiasi gani. Fanya hiyo hiyo kwa silinda ya kwanza aone tofauti inakuwa ndogo, ndio asiseme ringi ni mbaya. Mtu amefungua injini maisha yake yote akiona fila ya 0.9 inapita kwa ringi mpya, wewe huna haja ya kufungua mdomo. Fila geji anaijua, ni chombo yake, amesetia vavu nayo kabla uzaliwe. (Ujue tu ringi inakupea wastani, silinda ikiwa yai ringi haitakuambia, hapo bado ni boa geji. Lakini leo kazi yetu ni mzee.)

Akishaona, usiseme "nilikuambia." Uliza, "anko tufanyeje?" Wacha aseme yeye. Na yeye ndio apigie mwalimu simu, wewe usiguse hiyo simu hata mwalimu akikupigia wewe, sema tu anko atakupigia. Gereji ni yake na jina ni yake.

Kama bado atasema tuweke tu ringi itashika, muulize kitu moja, na uulize kama mwanafunzi: hii ringi mpya iko na kona kali na ile ya zamani ilikuwa imeisha pamoja na kangazi, hii ikipanda si itagonga hapo? Kwa sababu itagonga, na ikigonga inavunja ukingo wa pistoni wenye unashika ringi, na hapo tunaongea mambo ingine kubwa. Hata kama mtakata kangazi na mkono, ringi itakuwa inafunguka na kufunga kila pistoni ikipanda na kushuka, haipati nafasi ya kukaa kwa ukuta. Itapunguza moshi kidogo, mwalimu atafurahi kidogo, halafu moshi irudi. Mzee ameona hizo gari zikirudi, najua ameziona, akasema oili siku hizi ni feki. Na oili feki iko kweli, hapo simpingi, lakini si kila moshi ni yake.

Riboa basi, na mnapeleka zote nne, huwezi kata moja uache tatu zikiwa na pistoni za uzito tofauti. Hatua ya kwanza ni 0.50, yaani 79.20. Hapa mafundi wengi wanateleza so skiza vizuri. Hiyo 0.50 ni ya upana wote, kila upande mashine inakula 0.25 tu. Wewe silinda ya tatu imekula 0.26, na mara nyingi haikulwi sawa pande zote mbili, upande wenye pistoni inasukumwa moto ikilipuka ndio inaumia zaidi. Kama sehemu kubwa ya hiyo 0.26 iko upande mmoja, mashine ikikaa katikati vile inatakikana inaweza maliza 0.50 ikaacha kaalama ya zamani haijaguswa. So msinunue pistoni bado. Peleka bloki Kisumu kwa mashine, mwambie fundi aisete aangalie ya tatu kama itasafishika kwa 0.50. Akisema ndio, nunueni pistoni na ringi za 0.50 mrudi nazo. Akisema hapana, hiyo moja iwekwe slivu (ukuta mpya wa chuma ndani) halafu zote nne zikatwe 0.50, ama muulize kama mnaweza pata pistoni za saizi inafuata. Bloki ya 5A ni chuma tupu, inakubali kukatwa na inakubali slivu, mshukuru si hizi bloki za aluminiamu za siku hizi.

Na asikate kabla pistoni mpya ziko juu ya meza yake. Pistoni nne za boksi moja haziko sawa kabisa. Apime kila moja kwa sketi yake, upande wenye hauna pini, akate na kuhon kila silinda kwa pistoni yake, halafu andika namba juu ya kila pistoni na maka. Mtu akikuambia "mimi hukata 79.20 moja kwa moja, pistoni itaingia tu," beba bloki yako mwende. Mkifika hapo muwe mmebeba kepu tano za meni (vifuniko vya kushika kranki) na bolti zake, mzifunge kwa toki yake (nguvu ya kukaza), ni 60 Nm, kabla akate, maana bloki bila kepu inakaa tofauti kidogo na bloki imefungwa. Hon iache ile mistari ya msalaba inaonekana kwa macho. Halafu nyumbani muoshe silinda na maji moto na sabuni ya unga, petroli haitoi ule unga wa mawe, mpanguse na kitambaa nyeupe na oili mpaka kitambaa kibaki nyeupe. Hii ya sabuni mzee anaweza kukucheka, wacha acheke.

Kranki. Msasa na uzi hapana, hapo siwezi kumtetea. Msasa unang'arisha, hauondoi yai, na ukivuta kwa mkono unaweza kuongeza. Kiwango cha hizi kranki kuwa oval ni 0.02 na pini yako ya tatu iko 0.04, na si ajabu ni ya tatu, silinda mgonjwa na pini mgonjwa hukaa pamoja. Angalia ile beringi ya zamani ya hiyo konrodi, naweka dau imefika rangi ya shaba upande moja. Pini nne zote zigraindiwe anda-saizi 0.25, yaani zisagwe zipungue kwa 0.25, muwe mmeulizia kwanza beringi za 0.25 ziko duka. Mwambie fundi wa mashine asikate kona, pale pini inakutana na ukuta wa kranki kuna mviringo mdogo, ukitoka ukawa kona kali kranki itavunjikia hapo siku moja na mtasema ni barabara. Matundu ya oili myapitishe waya na petroli baada ya kugraindi, unga wa chuma hubaki ndani. Meni usiguse, 47.98 na 47.99 ni kranki haijaumia, hizo beringi standadi za meni za mwalimu zinaingia hapo.

Hiyo ndio habari njema ya kumpelekea mwalimu, wacha anko aipange hivyo kwa simu. Gasketi seti haijapotea, beringi za meni hazijapotea. Zinarudi duka ringi na beringi za konrodi, kama pakiti haijachafuliwa na oili na risiti iko, so hiyo ringi mmepima nayo muipanguse vizuri irudi kwa karatasi yake. Hapo bili inaongezeka pistoni, kazi ya mashine na kugraindi. Si pesa kidogo, na mwalimu ako na haki ya kukataa, lakini akatae akijua namba. Katoni yako ichane, nakili vipimo kwa karatasi safi, silinda nne, juu katikati chini, pande mbili, na pini zote. Abaki na hiyo karatasi.

Kabla mfunge chochote, bado kuna mambo madogo. Hedi weka rula ya chuma imenyooka, kwa urefu na kwa kona mpaka kona, fila ya 0.05 ikipita upande wa bloki inaenda kufesiwa (kusawazishwa na mashine). Mwaga parafini kwa mashimo ya vavu hedi ikiwa imelala uone kama inavuja. Vavu sili badilisha zote, ni bei rahisi na zinaweza kuwa zilikuwa zinachangia hiyo moshi ya asubuhi. Mkirudisha kranki na beringi mpya pimeni nafasi ya oili na plastigeji, kale kauzi ka plastiki, funga kepu na toki, usizungushe kranki, fungua usome upana wake. Meni isizidi 0.10, konrodi isizidi 0.08, na zikiwa mpya zinafaa ziwe chini sana ya hapo, 0.02 mpaka 0.05 hivi. Kepu usichanganye, kila moja ina namba yake na mshale unaangalia mbele, na konrodi kila moja na kepu yake ya kuzaliwa nayo.

Ndugu ya mwalimu na eksi-Japani yake, sina ubaya na yeye. Kuna wakati hiyo ni bora, bloki ikiwa imepasuka ama kranki imevunjika. Lakini hiyo nayo ni injini imetumika, ilitembea kwa gari ya mtu mwingine na hakuna mtu atakupea kilomita za kweli. Anayetaka kuinunua bila kupima ndio huyo huyo anasema kupima ni njia ya kuongeza bili, sawa basi. Mwalimu akitaka kwenda huko mwambieni aende na geji ya kompresheni, muuzaji akikubali stata ipigwe, plagi zote zikiwa nje, asome silinda nne. Na ifunguliwe sampu (bakuli ya oili chini ya injini), beringi moja ya konrodi itolewe iangaliwe. Muuzaji akikataa hizo mbili arudi Kakamega aendelee na 5A yake, bloki anaijua, na akishamaliza atakuwa anajua kila milimita iko ndani.

Maikromita yako sasa. Wengi hununua ya 0 mpaka 25 kwa sababu ndio rahisi, halafu inakaa kwa droo inapima vipande vya bati. Kwa hizi injini wewe nunua ya 25 mpaka 50 kwanza, inakupea meni za 48 na pini za 40, hiyo ni kranki yote. Ukipata pesa ingine, ya 75 mpaka 100, hapo unapima pistoni na unaseti boa geji bila kuomba mtu. Hata ya mtumba ni sawa kama kile kijiti chake cha kupimia kiko ndani ya boksi, bila hicho usilipe. Ya 50 mpaka 75 iwache duka, kwa hii 5A hakuna kitu cha saizi hiyo utahitaji kuipima.